Chatu Aliyezuia Mayai

Mjadala wa istilahi una makao ya kudumu katika kurasa hizi. Tumesoma hapa kuhusu maneno ya sheria, ya benki na ya mitambo. Tumewaona wenzetu wakivutana juu ya "tarakilishi" na "kompyuta" hadi msomaji akadhani kwamba hatima ya Afrika Mashariki nzima imo humo. Aghalabu mwandishi humalizia kwa kusema kwamba neno bora ni lile litakalokubaliwa na wengi. Sina ugomvi na kauli hiyo. Ila niliwahi kulihitaji neno mahali ambapo hapakuwa na muda wa kuwasubiri wengi wakubali, na aliyelihitaji kwa dharura zaidi yangu alikuwa chatu.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Likizo ile nilijitolea katika hifadhi ndogo ya wanyama watambaao kando ya Ghuba la Winam, mwendo mfupi kutoka mjini Kisumu. Nilipewa kazi inayomfaa mwanafunzi wa lugha: kuandika kwa Kiswahili mabango ya kusomwa na watoto wa shule, pamoja na maagizo ya utunzaji ya kubandikwa ukutani kwa ajili ya wafanyakazi. Maagizo ya awali yalikuwa kwa Kiingereza cha vitabuni. Wafanyakazi walikuwa wakifasiriana kwa Dholuo, huyu akidondosha neno hapa na yule akichopeka neno pale, hata agizo likifika mlangoni mwa kizimba lilikuwa limeshabadilika sura. Niongeze, kwa faida ya msomaji asiyejua, kwamba nchini Kenya mtu hawezi kumfuga nyoka wa porini apendavyo. Sharti awe na idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haina mzaha katika hilo. Hifadhi ile ilikuwa na idhini yake.

Mwezi wa Januari 2022, chatu jike mwenye urefu wa mita tatu na nusu hivi alitaga mayai 19 kwa usiku mmoja, kisha akaacha. Kuacha kwenyewe si ajabu. Kila mama ana kikomo chake. Lakini theluthi ya mwisho ya mwili wake ilikuwa bado na matuta, yamepangana kama viazi ndani ya soksi. Kwa kawaida chatu akimaliza kutaga hujiviringa juu ya mayai, akatulia tuli. Huyu hakutulia. Alikuwa akizunguka kizimba, akisukuma pua pembeni, akirudi, akienda tena. Siku ya kwanza ikapita. Ya pili ikaingia.

Kijana mmoja miongoni mwa wafanyakazi, hodari na mwenye huruma, alikuwa na rai yake. Kwao walifuga mbuzi na alikuwa amewahi kusaidia kuzalisha. "Yamekwama," alisema. "Tuyakamue." Alinionyesha kwa viganja jinsi ambavyo angeanza juu ya tuta la mwisho na kuteremka taratibu kuelekea mkiani. Kwa kweli, kwa mtu aliyekwisha kulitamka neno "yamekwama", hakuna kinachofuata kwa urahisi zaidi ya hicho. Sisi wa huku tunakijua kitu kilichokwama. Gari linapokwama katika tope la uwanda wa Kano wakati Mto Nyando umefurika, hakuna anayeliuliza gari lina shida gani. Watu hukunja suruali wakasukuma.

Daktari wa mifugo aliyekuwa akiihudumia hifadhi alipatikana kwa simu, na la kwanza alilolisema ni kwamba mtu yeyote asiminye tumbo la nyoka huyo. Mrija wa mayai wa nyoka ni mwembamba, na yai lililokaa ndani kwa muda huweza kugandamana na ukuta wake. Ukilikamua, huenda mrija ukapasuka, au yai likapasukia ndani, au mrija wenyewe ukafuata yai ukatokeza nje. Nyoka hatapiga kelele. Utaona tu kwamba amelegea, na baada ya siku chache amekufa.

Daktari alifika alasiri ya siku iyo hiyo. Alimpapasa chatu kwa ncha za vidole, akayahesabu matuta, akapima joto la kizimba, kisha akauliza maswali ambayo mimi sikuyatarajia, kwa kuwa hayakumhusu chatu hata kidogo. Sanduku la kutagia lina ukubwa gani? Lilikuwa na unyevu? Watoto wa shule walikuja lini? Waligonga kioo? Walikuwa wamekuja, tena wengi, siku mbili mfululizo, na mtoto gani atasimama mbele ya kioo chenye chatu asikigonge? Sanduku nalo lilikuwa dogo, na matandiko yake yalikuwa makavu.

Alitueleza kwamba nyoka anayeshindwa kutaga anaweza kuwa katika mojawapo ya hali mbili, na kwamba mtunzaji anayezichanganya huua. Katika hali ya kwanza kuna kizuizi cha mwili: yai kubwa kupita kiasi au lenye umbo baya, uvimbe, jeraha la zamani lililoubana mrija. Katika ya pili hakuna kizuizi chochote. Njia ni wazi na mayai ni ya kawaida, ila mama hatagi kwa sababu hana mahali panapomridhisha, au pana baridi, au amekaukiwa maji mwilini, au hana nguvu za misuli kwa kukaa mno bila kujinyoosha, au amesumbuliwa. Kwa nyoka wa kufugwa hali hii ya pili ni ya kuchunguzwa mapema, na tiba yake ya kwanza ni kumrekebishia makazi.

Baada ya maelezo hayo akanigeukia. "Wewe ndiwe wa Kiswahili? Waandikie jambo hili ukutani, walielewe hata nisipokuwepo."

Hapo ndipo nilipogundua umaskini wangu. Kiingereza hulitaja tatizo hili kwa neno lenye maana ya kufungwa: mayai "yamefungwa". Nilianza kuandika "kufungwa kwa mayai" na kalamu ikasita. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa kwa nini. Mwanamke asiyezaa, katika vijiji vyetu na hata mijini, husemwa kwamba amefungwa. Na aliyefungwa ana aliyemfunga. Bango hilo lingeleta ndani ya kizimba jirani mwenye kijicho, fundo la kitambaa na mganga wa kulifungua, kabla hata mtu hajaangalia kama sanduku lina unyevu. Neno lililo halali kabisa katika lugha moja lingekuwa shtaka la uchawi katika nyingine. Nikalifuta.

"Kukwama" nalo nilikuwa nimeshaona linakompeleka mtu. Nilifikiria "uzazi pingamizi", ambalo wakunga na wauguzi hulitumia kwa mama mjamzito aliyezuilika kujifungua. Ni neno zuri, lina heshima ya taaluma. Lakini linafaa hali ya kwanza tu, ile yenye kizuizi. Na isitoshe, je, kutaga ni kuzaa? Kiswahili hutenganisha. Kuku hutaga, mbuzi huzaa. Nyoka huvuruga mpaka huo, maana kifutu hatagi, huzaa watoto hai, tena kwa makumi, ilhali chatu hutaga. Niliona nikianza kuwaeleza wafanyakazi habari hizo bango lingekuwa tasnifu.

Aliyenitoa matopeni alikuwa mzee mmoja, mlinzi wa usiku wa hifadhi, mzaliwa wa Nyakach. Hakuwa na cheo cha kumgusa nyoka yeyote. Alisimama nyuma yetu muda wote, kofia mkononi, na daktari alipokwenda kunawa akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, huyu mama hajakwama. Anangoja. Ameyazuia."

"Anangoja nini, Mzee?"

"Tuondoke."

Ameyazuia. Kitenzi hicho kilikuwa katika kinywa cha kila mmoja wetu tangu utotoni, na hakuna aliyekiona. Katika "mayai yamekwama", mayai ndiyo yanayotenda na mama ni mfuko tu. Katika "ameyazuia", mama ndiye mtenda. Na mtenda ana sababu, na sababu huulizwa. Tofauti ya kiima, kama walimu wetu wa sintaksia wanavyopenda kusema, ingawa sikumbuki darasa lolote ambamo kiima kilikuwa na uzito kiasi hicho.

Basi niliandika mawili. Palipo na dalili za kizuizi: *mayai kukwama*, na chini yake kwa herufi kubwa, USIMINYE, MWITE DAKTARI. Pasipo na kizuizi: *kuzuia mayai*, na chini yake maswali ya kujiuliza kwa utaratibu: joto, unyevu, maji, nafasi, kelele. Daktari alisoma, akaongeza jambo moja ambalo nisingelijua: nyoka aliyekwisha kutaga sehemu ya mayai asisubiriwe zaidi ya siku mbili bila kuonwa na daktari, maana baada ya hapo hata aliyekuwa "anazuia" anaweza kuishia "kukwamisha". Mipaka ya maneno yangu ilikuwa na saa ndani yake. Sijapata kuona jambo hilo katika kamusi yoyote.

Kazi iliyofuata haikuwa na maajabu. Tuliyahamisha mayai 19 yakiwa rundo moja, kwa kuwa mayai ya chatu hushikamana. Kabla ya kuyagusa, yale ya juu yalitiwa alama kwa penseli ili upande wa juu ubaki juu. Hili lilimshangaza kijana wetu wa mbuzi, ambaye kwao pia walifuga kuku. Kuku anayeatamia huyageuza mayai yake mara nyingi kwa siku, na asipoyageuza huharibika. Yai la nyoka ni kinyume chake: kiinitete hujishikiza upande mmoja wa ganda mapema, na ukiligeuza baadaye waweza kukiua. Chatu mwenyewe aliwekwa katika beseni kubwa la maji ya uvuguvugu, kina kisichozidi unene wake, kichwa kikiwa huru. Alikunywa kwa muda mrefu, kidevu majini. Sanduku likabadilishwa kwa jingine pana, likatandikwa majani ya mafunjo yaliyokatwakatwa na kuloweshwa, yakakamuliwa yasitiririke. Kioo kilifunikwa kwa magunia, na ziara za shule zikaahirishwa, jambo ambalo meneja hakulifurahia. Daktari alimdunga kalsiamu. Homoni ya kuchochea utagaji alikuwa nayo lakini alisema kasa huiitikia vyema zaidi kuliko nyoka, na kwamba ni hatari kuitumia mtu akiwa hana hakika kwamba njia ni wazi. Akasema tungoje hadi asubuhi.

Usiku ule nilikesha nje ya kizimba pamoja na yule mzee. Alinisimulia habari za Omieri.

Wasomaji wengi wa umri wangu wamemsikia Omieri kama kipande cha fasihi simulizi, mahali pamoja na Lwanda Magere na Simbi Nyaima. Yeye ni tofauti na hao, kwa kuwa alionekana kwa macho na kuandikwa magazetini. Alikuwa chatu mkubwa wa Nyakach, ambaye wenyeji waliamini kwamba ujio wake ni ishara ya mvua na mavuno. Mwaka 1987 aliungua kwa moto. Habari zake zilienea nchi nzima. Alipelekwa Nairobi kutibiwa, na huko akafa. Mwanzoni mwa mwaka 2003 chatu mwingine alionekana Nyakach, na watu wakampa jina lilo hilo, kwamba amerudi. Umati ulikwenda kumtazama. Palikuwa na waliotaka alindwe, na palikuwa na waumini waliomwona kuwa ni shetani na hawakutaka hata atajwe.

Mzee alikuwa kijana mwenye familia mwaka ule wa 1987. Hakunisimulia muujiza wowote. Alichokumbuka ni malumbano ya watu wazima kuhusu msaada: wapo waliosema mgonjwa apelekwe penye madaktari hata kama ni mbali, na wapo waliosema mgeni aliyekuja kwa hiari yake haondolewi kwa gari. "Wote walitaka apone," alisema. Kwa imani ya kwao, Omieri huja karibu na boma la watu kutafuta kichaka cha kutagia, na wajibu wa mwenye boma ni mmoja: asikifyeke kichaka hicho mpaka mgeni amalize.

Nilimuuliza mbona jina ni la kiume, kwa kuwa majina ya Kijaluo yaanzayo kwa O- huwa ya wanaume na yaanzayo kwa A- ya wanawake. Alicheka. Hakuna aliyefunua kutazama, alisema, na anayetaga ameshajibu. Nikafikiri jinsi ambavyo Kiswahili hakimlazimishi msimulizi kuchagua: *alikuja, akataga, akaenda*, basi. Kwa upande mwingine, Kiswahili kimemnyima nyoka umama katika methali zake. Tunasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na hapo mama hutajwa kwa ajili ya kumtia mwana hatiani. Hatuna, au mimi sijaisikia, methali inayomwona nyoka akiatamia. Na chatu huatamia kwelikweli. Hukaa juu ya mayai miezi miwili hadi mitatu bila kula. Mwaka 2018, Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alichapisha matokeo ya utafiti wa miaka kadhaa kuhusu chatu wa kusini mwa Afrika: mama hutoka shimoni kuota jua, ngozi yake ikiwa imegeuka nyeusi kwa msimu huo, kisha hurudi na joto lake kuyazungushia mayai, na watoto wakishaanguliwa hukaa nao wiki mbili hivi. Hao si aina moja hasa na chatu wa ziwani kwetu, lakini ni ndugu wa karibu.

Kabla ya alfajiri tulisikia majani yakichakarika. Mzee alinishika mkono nisifunue gunia.

Kulipokucha kulikuwa na mayai sita zaidi. Manne kati ya hayo yalikuwa viza, ya manjano na yenye mikunjo. Tuta moja lilibaki, na hili halikusogea siku ile yote. Daktari alirudi, akaangalia, akasema, "Hili sasa ni lile neno lenu jingine." Lilikuwa limekwama kwa maana halisi, kubwa na lenye umbo la figo. Kwa kuwa lilikuwa karibu na tundu la nje, aliingiza sindano kwa uangalifu, akavuta majimaji yaliyokuwemo mpaka likanywea, na kesho yake chatu akalitoa mwenyewe. Daktari alitwambia kwamba kama lingekuwa mbali zaidi angelazimika kumpasua, na kwamba wapo wanaofikia hatua hiyo wakapona na wapo wasiopona.

Palizuka tena hoja kuhusu mayai. Daktari alielekea kuyaweka katika kisanduku cha joto la nyuzi 31 hivi, ili mama ale na kurudisha nguvu, kwa kuwa alikuwa amekonda na kuatamia kungemkondesha zaidi. Hoja yake ilikuwa na mashiko na mimi niliiunga mkono. Mzee aliomba arudishiwe kwanza, usiku mmoja tu, tuone. Tukamrudishia. Alilipitia rundo kwa ulimi, akajiviringa pingili tatu, kichwa akakiweka juu. Asubuhi daktari alimtazama kwa muda kisha akafunga kisanduku chake. Mayai 17 yaliangua, ya kwanza siku ya 79, na huyo mama alianza kula baada ya majuma mawili.

Karatasi zangu zilibaki ukutani, zimepauka kwa unyevu, na nasikia kwamba wafanyakazi wapya huulizwa kwanza, "Amezuia au amekwama?" kabla ya simu kupigwa. Bado nina deni moja. Kwa kile kitendo cha daktari, cha kulinyonya yai kwa sindano likiwa lingali tumboni ili lipungue na kupita, sikupata neno. Niliacha nafasi tupu kwenye bango, na Mzee, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, alimwomba kijana wa mbuzi aandike hapo kwa penseli: *kulifyonza*. Mwenzangu mmoja wa isimu asema lina sura ya mbu na kupe, na kwamba "kulinyweza" lingefaa zaidi. Mwenye jingine alilete.